Nawasubiri Madogo wa Pittsburgh

Najua nimeadimika, lakini si mnajua mambo ya UE, mtu unakula huku notisi ziko pembeni ya sahani. Jana nimemaliza pepa la mwisho, nikarudi rumu nikalala kama gunia. Leo nimeamka na hoja, na nisipoitoa itanikaba.

Imeanzia kwa rumumeti wangu. Juzi kashtuka saa nane usiku akanikuta nimeikodolea simu macho.

"Mwanangu, unaangalia nini saa hizi?"

Nikamwambia nafuatilia besiboli, Pittsburgh Pirates ya Marekani. Mechi yao ya saa moja kasoro ya jioni huku kwetu inaangukia saa saba na dakika arobaini usiku, ndiyo maana bando langu la usiku haliozi.

"Wanaongoza ligi?"

"Hapana."

"Ubingwa je?"

"Mara ya mwisho 1979."

Akavuta shuka. "We jamaa una matatizo."

Sikumjibu, ila na mimi nina ya kusema.

Ni kweli timu yangu inafungwa. Kuanzia 1993 hadi 2012 ilimaliza misimu 20 mfululizo ikiwa imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Mwaka 2025 ilishinda 71 ikapoteza 91. Msimu huohuo mrushaji wake, Paul Skenes, alipata tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake, na bado alimaliza na ushindi 10 na vipigo 10, maana wenzake walikuwa hawapigi. Hebu fikiria unapata A kwenye kazi ya kikundi halafu kikundi kinapewa C!

Sasa raha iko wapi? Raha iko chini. Kila timu kubwa kule ina timu zake ndogo za kupikia vijana, ni kama madarasa. Dogo wa Pirates anaweza kuanzia Bradenton kule Florida, akapanda Greensboro (timu yao inaitwa Panzi, msicheke), akaenda Altoona, kisha Indianapolis, ndipo aitwe Pittsburgh. Shabiki wa timu maskini anaishi kwa hao. Andrew McCutchen alichaguliwa 2005 akiwa kijana wa sekondari, akafika juu Juni 2009, na 2013 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka huohuo ule mkosi wa miaka 20 ukakatika. Halafu Januari 2018 wakamuuza. Ndiyo maisha yetu, unalea mtoto, akishakomaa anachukuliwa na wenye hela.

Mtu aliyeniingiza kwenye mchezo huu ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli ya Randburg, na familia iliishi kwenye chumba kimoja humohumo klabuni. Pirates walimsajili 2008. Akakaa ligi za chini karibu miaka tisa! Tarehe 26 Aprili 2017, siku ambayo sisi huku tunasherehekea Muungano, aliingia uwanjani Pittsburgh akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza Ligi Kuu ya Marekani. Mpigo wake wa kwanza tu, dhidi ya mrushaji mkubwa Jon Lester, ukamfikisha besi ya kwanza.

Kwa upande wa pili kuna Konnor Griffin, aliyechaguliwa 2024 akitokea sekondari. Mwaka 2025, akiwa na miaka 19, alipanda Bradenton, Greensboro na Altoona ndani ya msimu mmoja. Mmoja ngazi tatu kwa msimu, mwingine miaka tisa, na wote ni wa klabu moja. Sisi wa ualimu tunafundishwa kila semesta kwamba wanafunzi hawajifunzi kwa kasi moja, tunaandika kwenye pepa, tunapata maksi zetu, tunasahau. Mimi ligi za chini ndizo zilizonifanya niamini.

Nilidhani nimeamini, kwa kweli. Mwaka jana nikaenda TP, shule moja mkoani, kidato cha pili. Siku ya kwanza mwalimu mmoja akaninong'oneza: "Mwalimu, hawa wa mbele ndio wako. Wale wa nyuma usijichoshe." Nikaitikia ndiyo mwalimu, nikafundisha wa mbele. Usiku narudi geto, nawasha simu naangalia madogo wa Bradenton wamepigaje.

Wiki ya saba nikauliza swali, mbele wakanyamaza, mkono mmoja ukanyooshwa nyuma. Kijana akajibu, na akajibu vizuri kuliko nilivyofundisha. Nikataka kumsifu, nikagundua sijui anaitwa nani. Wiki saba! Nilikuwa na takwimu za kijana wa Florida ambaye sitamwona maishani, na huyu aliyekaa hatua nane mbele yangu simjui jina. Nilimuuliza baada ya kipindi. Nikajua pia kwamba anatembea karibu saa nzima kuja shule, na asubuhi hali kitu. Wiki iliyofuata nikaondoka.

Kwa hiyo hoja yangu siyo ile ya "subira yavuta heri" mnayodhani naijia. Subira peke yake haitoshi, na besiboli yenyewe ni shahidi. Mpaka 2022 mchezaji wa ngazi ya Bradenton alikuwa na mshahara wa chini wa dola 11,000 kwa mwaka, ndani ya Marekani! Mwaka 2018 ilipitishwa hata sheria ya kuwaondoa hawa vijana kwenye ulinzi wa kima cha chini cha mshahara. Walikuwa wanaambiwa vumilia, ndoto yako inakuja. Walidai mahakamani, na 2022 wenye ligi wakakubali kulipa dola milioni 185. Mwaka huohuo klabu zikaanza kutakiwa kuwapa wachezaji hao malazi. Wakaingia kwenye chama cha wafanyakazi, na mkataba wao wa kwanza wa 2023 ukapandisha zile 11,000 hadi 26,200. Walioshinda haya siyo waliokaa kimya wakisubiri.

Ukitaka mtu akusubirie miaka minne au tisa ili aive, mlishe. Hilo ni la klabu, ni la shule, na bumu likichelewa tunajua wote kwamba ni la hapa chuoni pia. Mtu mwenye njaa akianguka tunasema "hakuwa na kipaji". Tumejuaje? Wangapi wamedisko hapa tukasema kichwa hakikuwepo, na hatukuwahi kuuliza walikuwa wanakula wapi?

Wengi wa wale madogo hawafiki juu, sitawadanganya. Hata Ngoepe mwenyewe alicheza mechi 41 tu Ligi Kuu, 28 za Pittsburgh na 13 za Toronto. Kwa wengine hiyo ni kufeli. Kwangu mimi mtu aliyefungua mlango uliokuwa umefungwa kwa bara zima hahesabiwi kwa mechi. Leo hata pale Azania Sekondari jijini Dar kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na kuna watoto wanarusha mpira. Nani kati yao ni wa mbele na nani wa nyuma? Mimi sitaki tena kuambiwa siku ya kwanza.

TP ya pili inakuja. Nimeshanunua daftari, na kabla ya andalio la somo lolote nitaandika majina yote, kuanzia dawati la nyuma.

Haya, rumumeti kaamka anauliza jana wamefungwa ngapi. Naona naye ameanza kuambukizwa. Tuko pamoja, mwenye hoja tofauti aje tubishane kafeteria, ila chai juu yake.