Pembe ya Kuogea



Mwezi huu nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la fundi wa mabomba wala si la maalim, nalo ni mahali pa kuogea katika nyumba ya Mwislamu.

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto hapa Kiabakari mlango wa Tohara, ya kwamba nguzo za josho ni nia, na kueneza maji mwili mzima, nywele na ngozi. Lakini nyumbani kwangu mahali pa kuogea palikuwa kibanda cha mabati uani, kando ya njia tupitayo kwenda msikitini. Aliyeoga humo kabla ya Alfajiri alisikiwa na nyumba nzima. Mmoja wa watu wangu, ambaye simtaji, na haya nayaandika kwa idhini yake, aliona haya kuoga saa ile. Alingoja mpaka watu watawanyike, na jua likawa limekwisha chomoza. Mama watoto ndiye aliyeniambia: "Maalim, watoto wa watu wawafundisha josho. Wa nyumbani kwako waliogee wapi?" Sikuwa na jibu.

Haya ni katika imani, lakini si udhuru wa kupitisha wakati wa Sala. Bibi Ummu Sulaym r.a. hakuzuiwa na haya kumwuliza Mtume s.a.w. habari za josho la mwanamke, na umma wote umefaidika kwa swali lake. Tena twasoma katika Abu Dawud kuwa Mtume s.a.w. alipomwona mtu akioga uwanjani bila ya sitara, aliwaamuru watu kujisitiri waogapo. Basi sitara ni amri, na Sala kwa wakati wake ni amri. Ajengaye nyumba ndiye apaswaye kuzikutanisha amri hizo mbili, na lawama ile ilikuwa yangu mimi.

Zamani tungesema kuwa maji hayapo. Lakini Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama, wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria huku kwetu, kwa fedha za Serikali, za BADEA na za Mfuko wa Maendeleo wa Saudia. Bomba lilipofika uani kwangu, nilimwita fundi, tukageuza chumba cha stoo kilicho nyuma ya jiko kuwa chumba cha kuogea, na bomba la mvua tukaliweka pembeni.

Kwa nini pembeni? Kwa sababu pembe imekwisha kuwa na kuta mbili. Kilichobaki ni kizingiti cha saruji chenye kimo cha shubiri moja, na pazia la plastiki. Gharama hupungua, na sehemu nyingine ya chumba hubaki kavu. Chagua pembe iliyo katika ukuta wa nje, ili maji machafu yatoke kwa njia fupi. Yaelekeze kwenye shimo lake lenye mawe, wala si katika shimo la choo, lisije likajaa upesi.

Sakafu ndiyo roho ya kazi. Iinamie tundu la kutolea maji, yapata sentimita 2 kwa kila mita 1. Kabla ya kubandika vigae, ziba tundu, mwaga maji, uyaache usiku kucha. Yakipungua, sakafu ina ufa. Mabomba ya ukutani nayo yajaribiwe kwa maji kabla ya kupigwa lipu. Na tangi liinuliwe juu sana kuliko bomba la mvua, kwa kuwa kimo ndicho kiyapacho maji nguvu. Likiwa chini, maji yatadondoka tu.

Mwinamo huo si wa ufundi peke yake. Mtume s.a.w. amekataza mtu kukojoa mahali aogapo, kwa kuwa wasiwasi hutokana na jambo hilo. Maji yakituama miguuni, mtu hutoka na shaka, hajui kama ametoharika au amerukiwa na najisi. Na aliye na choo ndani ya chumba hicho hicho, akitenge na pembe hiyo, wala asikielekeze Kibla wala asikipe mgongo. Kibla chetu huku ki kaskazini, kimeegemea mashariki kidogo.

Limebaki moja, nalo ni israfu. Anas bin Malik r.a. amesimulia kuwa Mtume s.a.w. alikuwa akioga kwa pishi moja, yaani vibaba vinne, hata vibaba vitano. Hayo ni maji ya lita tatu hivi. Bomba la mvua lililofunguliwa sana laweza kumwaga lita 10 kwa dakika moja. Kijana aimbaye chini yake kwa dakika nne amemaliza madumu mawili, ambayo mama yake aliyabeba kichwani zamani. Basi funga koki ujipakapo sabuni, uifungue ujisuuzapo.

Nyumbani kwangu sasa mtu huoga usiku au alfajiri, na hapana ajuaye wala aulizaye. Nimetokapo kwenda msikitini, huziona taa za vyumbani zimekwisha washwa. Ewe baba mwenzangu, kabla ya kumwuliza mtu wako kwa nini hakusali Alfajiri, tazama kwanza umemwekea wapi pa kuoga.

Wabillahi tawfiq.