Kanombe: Mashine ya mionzi haitibu peke yake

ITAKUMBUKWA kwamba kabla ya mwaka 2019 Mnyarwanda mwenye saratani aliyehitaji tiba ya mionzi hakuwa na njia ila kufunga safari kwenda Uganda, Kenya au India. Mwaka 2016 mashine pekee ya Uganda, pale Mulago, ikaharibika, na mlango huo wa jirani ukafungwa. Ndiyo maana tiba hiyo ilipoanza Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe mwaka 2019, wengi tulishukuru.

Hata hivyo, mashine haitibu peke yake. Mtaalamu wa maabara huthibitisha kwamba uvimbe ni saratani. Daktari huamua pa kulenga. Mwanafizikia hupiga hesabu ya mionzi. Mtaalamu wa mashine humlaza mgonjwa vile vile kila siku. Tiba ya dawa nayo ina kituo kikubwa Butaro, wilayani Burera, tangu 2012. Mmoja akikosea, jasho la wenzake hupotea.

Sisi tuliosoma uhamishoni Uganda tuna mfano wa karibu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, alieleza uvimbe uliokuwa ukiua watoto. Angeweza kuishia kwenye kisu chake. Badala yake, mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walisafiri kwa gari hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitalini uvimbe huo unaonekana wapi. Mwaka huo huo alizungumza London, na Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, akamsikiliza. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi vipya, vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Mtu wa kisu na mtu wa darubini walihitajiana.

Wapo watakaosema wataalamu wetu ni wachache, hawana muda wa vikao. Uchache huo ndio sababu ya kukutana. Kanombe, Butaro na vyuo vyetu vikae pamoja kila wiki, kila mgonjwa awe na faili moja linalomfuata, na maswali ya wauguzi yawe mwanzo wa utafiti. Na mfanyabiashara wa Gatuna aliyepimwa Kampala asianze upya akifika Kigali. Madaktari wa pande mbili wasomeane majibu.

Saratani haiulizi pasipoti, na kidole kimoja hakivunji chawa.