Mwambie mpishi kabla mafuta hayajaingia kwenye flampeni

Jumamosi jioni mjini Bariadi, karibu na stendi, familia ya watu watano imekaa kwenye benchi la kibanda cha chipsi. Baba ameuza pamba, na watoto waliahidiwa chipsi mayai tangu wakati wa palizi. Ahadi ya mzazi ni deni, kwa hiyo wamekuja. Tatizo ni kwamba wiki tatu zilizopita baba alipimwa presha zahanati, mashine ikasoma 150 kwa 95. Alirudi siku nyingine mara mbili, ikawa juu ya 140 kwa 90 mara zote. Akapewa dawa na kuambiwa apunguze chumvi na mafuta.

Nyumbani mama amefanya kazi hiyo vizuri. Kopo la chumvi limeondoka mezani. Mchicha unapikwa kwa karanga na nyanya, kiungo cha paketi kimeachwa. Lakini hapa kibandani chungu si chake. Kijana anayekaanga ameshashika chupa ya mafuta, na baba anatazama pembeni kama mtu ambaye hajamwona daktari maisha yake yote.

Familia nyingi hukwama hapo. Wanaojua kula vizuri nyumbani wanaona kwamba wakitoka, kazi yao ni kupokea sahani na kulipa. Wengine hujisemea kwamba siku moja haina neno, na kwa mtu mzima mwenye afya anayekula chipsi mara moja kwa mwezi, hilo ni kweli. Ila wapo wanaokula nje kila siku ya kazi: bodaboda, mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali, fundi, mfanyabiashara wa minadani. Kwao chakula cha nje ndicho chakula.

Mama yule hakunyamaza. "Mdogo wangu," alimwambia kijana, "kabla hujamimina, ya baba weka mafuta kijiko kimoja tu, na chumvi usiweke kabisa. Chipsi zichuje kwanza."

"Sawa mama. Na za watoto?"

"Za watoto sahani mbili, watagawana watatu. Kachumbari iwe nyingi."

Mazungumzo hayo yalimalizika kabla flampeni haijapata moto. Katika hoteli kubwa za mijini mteja humwona mhudumu tu, na sahani hutoka jikoni ikiwa tayari. Bariadi, Maswa, Mwanhuzi au Lamadi, mteja anasimama hatua moja kutoka kwenye jiko. Anaona mafuta, anaona mkono unaoshika chumvi, na ana nafasi ya kusema. Ni bahati ambayo watu wengi hawaitumii kwa sababu ya haya. Mwingine anahofia kuonekana ana visirani.

Chipsi mayai, au zege kama vijana wanavyoiita, hunyonya mafuta mara mbili. Viazi hukaangwa kwenye karai vikizama, kisha huingia kwenye flampeni yenye mafuta mengine ili yai lisigande. Mzunguko wa kwanza mteja hawezi kuubadili, lakini wa pili anaweza. Yai lenyewe ni chakula kizuri, lina protini, na kwa mtoto ni afadhali kuliko soseji, ambayo huja na chumvi yake kutoka kiwandani. Mwenye presha akitaka kitu cha pembeni, achukue mishikaki miwili isiyopakwa chumvi ya ziada. Na mahali penye ndizi za kuchoma au mahindi ya kuchoma, hivyo havihitaji mafuta hata tone.

Mafuta yenyewe yana lugha yake. Yakiwa meusi, yakitoa moshi na povu jingi, au yakinuka hata kabla chipsi hazijaingia, yamechomwa mara nyingi kupita kiasi. Kuongeza mafuta mapya juu ya machakavu hakuyafanyi kuwa mapya. Hapo mzazi aage kwa heshima aende kibanda cha pili. Wakazi wa Simiyu wanajua mafuta; mkoa huu ndio unaoongoza kwa pamba nchini, na mafuta ya mbegu za pamba yamepikia watu wa Kanda ya Ziwa miaka mingi. Hayo, au ya alizeti, ni bora kwa moyo kuliko mafuta ya mgando, mradi hayajachomwa siku tatu mfululizo.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hiyo ni ya kutwa nzima, pamoja na ile iliyo kwenye mkate wa asubuhi, supu ya saa nne na tomato ya chupa. Anayekunywa supu ya mbuzi yenye chumvi kali asubuhi amekula sehemu kubwa ya haki yake kabla ya mchana. Supu inaweza kupikwa bila chumvi, kila mtu akajiwekea. Wapo mama lishe wanaokubali mteja akiwazoea na akiwaambia mapema.

Kwa mama lishe ndiko kuna chakula bora zaidi cha mjini, na cha bei nafuu. Watu hukipita wakienda kwenye kuku wa kukaanga kwa sababu kuku ni heshima. Wali maharage na mchicha, na kipande cha papai juu yake, ni mlo ambao mtaalamu wa lishe angeuchora ubaoni. Kasoro ya sahani hiyo iko kwenye vipimo. Wali unakuwa mlima na mboga inakuwa kijiko kimoja pembeni, kama pambo. Ombi linalofaa ni fupi: "Mama, wali punguza, mboga na maharage ongeza." Pengine itabidi kuongeza shilingi kidogo. Wengine hawatozi kitu, hasa mteja akianza na "mwangaluka" asubuhi badala ya kufika na kuamrisha.

Ugali wa mtama au uwele ukiwepo, usipitwe. Nafaka hizo zikisagwa bila kukobolewa hubaki na makapi yenye nyuzinyuzi, na mlo wa namna hiyo hushibisha kwa muda mrefu kuliko sembe nyeupe. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo bibi huyapika kwa karanga, watoto wa mjini wanaanza kuyaona kama chakula cha shida. Mzazi akiyaagiza hotelini mbele yao, na akayala kwa raha, amefundisha jambo ambalo maneno hayalifundishi.

Upande wa samaki, Busega iko ziwani na sato hufika Bariadi. Wa kuchemsha au wa kuchoma ni mwepesi kuliko wa kukaangwa. Dagaa nao, kwa kuwa huliwa na mifupa yao, humpa mtoto madini ya kalisi. Ila waoshwe vizuri, mchanga na chumvi viondoke. Na chai ya rangi isisindikize mlo huo. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharage, hivyo ni vizuri ingoje walau saa moja. Ndimu juu ya mchicha hufanya kinyume chake, husaidia chuma kupita.

Soda ndiyo iliyoleta ubishi kwenye benchi lile. Kila mtoto alitaka yake. Soda nyingi za kawaida zina karibu gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina kama gramu 35, sawa na vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Mtoto ni chini ya hapo. Mama alinunua chupa moja, akaomba glasi tatu, na maji makubwa ya wote. Kifungua mimba alinuna. Alinuna dakika nne hivi, mpaka chipsi zilipofika.

Kachumbari ina sharti lake. Wakati wa mvua, kipindupindu kinapotajwa, mboga mbichi iliyooshwa kwa maji yasiyojulikana ni hatari kuliko mafuta yote yaliyotajwa hapa. Siku hizo kabichi ya kupikwa ndiyo salama. Na mahali pasipo na ndoo ya kunawia mikono, familia isikae.

Wakati wanasubiri, binti wa kati alitoa simu ya mama akaonyesha video ya watu wanaokula taco, kisha nyingine ya tambi za Kichina zikirushwa kwenye karai lenye moto mkali. Akauliza watakula lini hivyo. Baba akajibu kwamba akienda Dar es Salaam kwa shangazi yake atakula. Jibu hilo si baya. Migahawa ya Kichina Dar es Salaam ipo, na familia za Simiyu husafiri kwa harusi, matibabu na shule. Kanuni ya kibandani inafuata hadi huko. Wachina wana ustadi wa kurusha mboga kwa moto mkali muda mfupi, zikatoka bado na rangi na ukakasi wake. Sahani hiyo iombwe kwanza, pamoja na wali mweupe badala ya ule wa kukaangwa. Nyama iliyovikwa unga, ikakaangwa ikizama, kisha ikamwagiwa rojo tamu, ni chipsi mayai kwa jina lingine. Na mchuzi mweusi wa soya uletwe kwenye kibakuli chake: kijiko kimoja kikubwa kina zaidi ya gramu 2 za chumvi. Viwili, na baba amemaliza karibu kutwa yake.

Chakula cha Meksiko kinapaswa kumshangaza Msukuma kwa kufanana na cha kwao. Mahindi yenyewe asili yake ni huko Meksiko. Yalifika Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Taco ya kawaida ni chapati ndogo laini ya mahindi, ndani yake nyama au maharage, kachumbari ya nyanya na pilipili, ndimu, pengine na parachichi lililopondwa. Kikubwa ndani yake ni makande yaliyopangwa upya. Uzito huingia pale chapati inapokaangwa ikawa ngumu na kufunikwa kwa jibini na krimu, kama inavyouzwa sana Marekani. Aagizaye achague laini, maharage yasiyokaangwa, na jibini kidogo au asiweke.

Mama alimwambia binti wasingoje Dar es Salaam. Unga wa dona hautoi chapati inayokunjika, kwa sababu Wameksiko huchemsha mahindi yao kwanza kwa chokaa maalumu ya chakula (si ya ukuta, na mtu asijaribu). Lakini chapati kavu ya ngano, isiyopakwa mafuta, inakunjika vizuri. Jumapili walikunja maharage, dagaa waliooshwa na kukaushwa kwenye flampeni, kachumbari na ndimu. Parachichi sokoni siku hiyo lilikuwa ghali, likaachwa. Mdogo wao alitoa dagaa mmojammoja akawapanga pembeni, akala vilivyobaki. Kaka yake akawachukua.

Baba Jumamosi ile alikula chipsi zake bila chumvi na hakuzisifu. Alisema zina ladha ya kiazi, akakamulia ndimu, akaongeza pilipili, akamaliza sahani. Dawa zake anaendelea kumeza kila siku, maana sahani nzuri haifuti vidonge. Kupunguza au kuacha ni kazi ya aliyeviandika. Tarehe ya kurudi zahanati ni mwezi ujao. Kabla ya hapo ana safari ya Mwanza kwa basi la asubuhi, na gari litasimama Lamadi. Mama ameshamfungia mayai mawili ya kuchemsha, karanga na machungwa, akamwambia supu ya pale ainunue akitaka, ila aionje kwanza.