Barafu Ing'ae, Lakini Sura Ionekane

Kipima mwanga cha kamera hufanya kazi kwa dhana moja ya zamani: kwamba vyote vilivyo mbele ya lenzi, vikichanganywa, vitatoa kijivu cha wastani. Barabarani au sokoni dhana hiyo haina shida kubwa. Ndani ya ukumbi wa kuteleza kwenye barafu inaharibu kila kitu. Kamera inakuta weupe chini na weupe pembeni, inaamini mwanga umezidi, inaupunguza. Barafu inatoka na rangi ya saruji, na mchezaji aliyekuwa akicheka anageuka kivuli chenye viatu vya kutelezea.

Hasara hiyo haiwapati wote sawa. Mchezaji mwenye ngozi nyeupe hufifia kidogo na bado akatambulika. Mwenye ngozi nyeusi hupotea sura yote. Kwa hiyo swali la namna ya kupima mwanga barafuni si la mafundi wa kamera peke yao. Linamhusu kila mhariri wa michezo Afrika Mashariki.

Nairobi inaijua barafu kwa muda sasa. Uwanja wa ndani wa hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa mwaka 2005, na ndiko ilikokulia timu ya hoki ya barafuni ya Ice Lions. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwasafirisha wachezaji wa timu hiyo hadi Canada, wakavaa jezi na kucheza bega kwa bega na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni. Timu iliyofika huko inastahili picha ambayo mzazi anamtambua mwanawe bila kusoma namba mgongoni.

Wapo watakaosema kamera ni mashine, haina upendeleo. Historia inasema vingine. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, alieleza mwaka 2009 kwamba Kodak ilipokuja kuboresha filamu zake ili zionyeshe vizuri rangi za kahawia, msukumo mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliochoka kuona bidhaa zao zikifanana katika matangazo. Malalamiko ya watu weusi yalikuwepo kabla ya hapo. Mwaka 2021 Google bado ilikuwa ikitangaza simu ya Pixel 6 kwa ahadi ya kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi, ishara kwamba kazi haikuwa imekwisha.

Dawa yenyewe haina uchawi. Mpigapicha aache kuitegemea kamera ijiamulie. Apime mwanga usoni mwa mchezaji, aweke vipimo kwa mkono, avifunge hapo. Mwanga wa ukumbini haubadiliki kwa jua wala mawingu, hivyo kipimo kilichopatikana wakati wa mazoezi kwa kawaida kitafaa hadi mwisho wa mchezo. Rangi nayo ipimwe papo hapo: barafu safi ni karatasi nyeupe tayari, na kamera ikielekezwa kwake itajua taa zinaegemea umanjano au ukijani.

Ugumu wa kweli uko kwenye kasi. Mwezi Septemba 2022, mjini Lake Placid, mtelezaji wa Marekani Ilia Malinin alikuwa wa kwanza kufanikisha mruko wa Axel wa mizunguko minne na nusu katika mashindano. Mizunguko yote hiyo huisha hewani katika muda usiofika sekunde moja. Maana yake, shata ikifunguka kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, mwili umeshageuka zaidi ya nyuzi 16, na uso umekuwa ukungu. Ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu, uso unashikika. Lakini muda huo mfupi unadai lenzi yenye mwanya mpana, f/2.8 au zaidi, na usikivu wa mwanga (ISO) wa 3200 au 6400, pamoja na chenga zake. Chenga zivumiliwe. Msomaji husamehe picha yenye chenga, ila uso usioonekana hana la kuufanyia.

Kuna na mtego wa taa. Umeme wa Kenya na Tanzania ni wa hezi 50, na taa nyingi za kumbi hupiga mapigo 100 kwa sekunde ambayo jicho haliyaoni. Shata ya kasi huyaona: picha moja inang'aa, inayofuata ina giza au rangi nyingine. Canon ilipotoa kamera ya EOS 7D Mark II mwaka 2014, iliipa uwezo wa kusubiri kilele cha mwanga kabla ya kupiga, na leo kamera nyingi za kazi zina mpangilio kama huo. Wanaoulalamikia mwanga mbaya waangalie kwanza kama wameuwasha mpangilio huo.

Fleshi si jibu. Humulika machoni mtu anayetua kwa ukingo mmoja wa chuma, na ikipigwa nyuma ya kioo cha uzio hurudi kwenye lenzi. Mzazi mwenye simu naye aiache, azime pia ile hali ya usiku inayounganisha picha kadhaa, kwa sababu mtoto anayekimbia atatoka kama mzuka. Aguse uso wa mtoto kwenye kioo cha simu, aongeze mwanga kidogo, apige mfululizo.

Wakereketwa watalalamika kwamba uso ukipewa mwanga wake, barafu huwaka na alama za viatu hupotea. Ni kweli kwa kiasi. Faili ghafi (RAW) huokoa sehemu ya alama hizo, na barafu ileile hurudisha mwanga juu, ukiingia chini ya kidevu na ukingo wa kofia ngumu. Pale ambapo lazima kimoja kipungue, basi ipungue mistari ya barafu.

Madawati ya michezo yanaweza kuanza wiki hii: picha ya mchezaji asiye na uso irudishwe kwa aliyeipiga, kama habari isiyo na jina inavyorudishwa kwa mwandishi. Waandaaji nao wamruhusu mpigapicha kuingia wakati wa mazoezi apime taa, na wamwonyeshe sehemu ya uzio ambayo kioo chake hakijakwaruzwa na visahani vya hoki.