Kabla ya Kufomati Tuulizane: Ndani Kuna Nini?

Leo hatuandiki juu ya mpira wala juu ya karatasi za safari. Tunaandika juu ya kompyuta.

Hapa Mushasha tuko na kompyuta moja ya mezani, mzee kweli kweli. Unaiwasha, unaenda kuteka maji, unarudi, bado inazungusha kale kaduara. Mwaka jana tukaipeleka kwa fundi. Akaifomati, akaweka Windows ya kunakili, akachukua pesa yake, tukamshukuru. Kufika nyumbani ikawaka haraka, tukapiga makofi.

Siku mbili baadaye mama mmoja akaja kuomba picha ya marehemu mume wake. Ilikuwa moja tu, aliyotoka nayo Uvira kwenye simu, na simu ilipokufa sisi ndio tulikuwa tumemhifadhia. "Wanangu, iko wapi?" Tukaangaliana. Picha ilikwenda, pamoja na diplome tulizoskani na barua za watu.

Hatutaki kumtupia fundi lawama yote. Yeye hakuuliza, na sisi hatukusema. Kufomati na kuweka mfumo upya kwenye diski nzima ni kufuta kila kitu. Sisi tuliokimbia usiku tunajua: nyumba inaweza kujengwa tena, lakini cheti kilichobaki ndani hakijengwi.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kazi hii tujifunze wenyewe, na kwa mashine za zamani tutumie Linux.

Sababu ya kwanza ni umri wa mashine. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai RAM ya GB 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yetu haina. Je, tuitupe? Linux Mint ya Xfce inaridhika na RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 20 kwenye diski.

Ya pili ni usalama. Ile Windows ya kunakili hujui aliyeivunja kufuli aliacha nini ndani. Na kwenye kompyuta hiyohiyo tunaweka namba za vitambulisho vya familia zetu!

Ya tatu, ni bure kwa haki, si kwa wizi. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Finland. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaleta Ubuntu. Hapa Burundi jina hilo halihitaji mkalimani: ubuntu ni utu, na kitu cha ku buntu ni cha bure. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kumbe hii si mali ya wazungu peke yao.

Mwezi uliopita tukafanya wenyewe. Kwanza tukaita kila mtu mwenye faili ndani. Tukanakili zote kwenye diski ya nje, halafu tukazifungua moja moja kwenye mashine nyingine, maana nakala ambayo hujaifungua bado si nakala. Tukapakua Mint, karibu GB 3, tukaiandika kwenye fleshi. Tukawasha kompyuta kupitia fleshi, tukaijaribu kabla ya kugusa diski: sauti iko, intaneti iko, kibodi sawa. Hapo ndipo tukabonyeza kuweka. Umeme ukikatika katikati, usilie. Anza tena, nakala ziko salama.

Yaya mmoja kati yetu anapinga. Anasema ofisini wanataka Word, mtoto akizoea Linux ataaibika. Hoja yake tunaiheshimu, na ni kweli LibreOffice wakati mwingine inavuruga mpangilio wa hati ya Word. Lakini inaifungua, inaiandika, inaitoa kwa PDF. Na mtu aliyeweka mfumo kwa mikono yake, Windows haitamtisha.

Picha ya yule mama haikurudi, hata kwa Linux. Tulimwomba msamaha tukiwa wote, na hakututukana. Alisema tu: "Basi, za wengine mzichunge."

Ndiyo maana tunaandika. Nyinyi wa Muyinga, nyinyi wa kambini, wenye kompyuta moja kwa watu arobaini: leo hii, kabla haijaharibika, tafuteni diski ya pili. Na kabla hujampa mtu yeyote mashine, uliza kwa sauti mbele ya wote: ndani kuna nini, na ni ya nani?

Ni sisi, vijana wa Mushasha.