Mikono ya Nyumbani: Mastiki ya vipande viwili, na bidoni lililokataa

Mwezi huu ukurasa wetu unaanza kwa kuomba msamaha, maana tumeharibu pesa ya mama mmoja jirani yetu, na yeye mwenyewe ametukubalia tuwaelezee ilivyokuwa.

Mambo yalianzia Cyanzarwe, hapa hapa wilaya ya Rubavu. Tulikwenda kumtembelea jamaa yetu anayelima viazi upande ule wa mpaka wa Kongo. Nyumba yake ilipata nyufa wakati wa matetemeko ya Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, na tangu siku zile bomba la uani halijakaa sawa. Tulimkuta fundi wa mabomba amekwisha kufunga maji. Alisugua chuma na msasa, akapangusa mpaka kikauka kabisa. Halafu akatoa kijiti laini chenye rangi mbili, nje kijivu na katikati nyeupe, akakata kipande, akakikanda kwenye vidole kama mtu anayefinya tonge la ugali, akakibandika kwenye ufa. Basi. Tukanywa chai, tukapiga stori. Jioni maji yalipofunguliwa halikutoka hata tone moja. Chuma na kile kibandiko vilikuwa kitu kimoja, unagonga na kucha kinalia kama jiwe.

Tukamuuliza hiyo ni dawa gani. Akasema ni mastiki ya vipande viwili, mastiki ya epoksi, inauzwa mjini Gisenyi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni ndugu wa ile gundi ya mirija miwili ambayo wengi wanaiita Araldite. Kipande kimoja ni utomvu, cha pili ni kigumishi. Kila kimoja peke yake kinabaki laini miezi na miezi. Vikikutana vinashikana ndani kwa ndani kama nyuzi za wavu, na hakuna kurudi nyuma tena, sawa na yai lililochemshwa. Wafinyanzi wetu wanajua kwamba chungu cha udongo kinataka moto ili kiwe chungu. Huu hautaki moto, unataka mwenzake tu. Na si mambo ya Ulaya peke yake: huko Krugersdorp, Afrika Kusini, mhandisi George Pratley alitengeneza mastiki ya namna hii miaka ya 1960 kwa ajili ya masanduku ya umeme.

Sasa sisi tuliposikia hivyo, akili yetu ilikimbilia wapi? Kwenye mabidoni! Nani kati yetu hana bidoni linalovuja? Jirani yetu huyu ana watoto watano na mabidoni mawili, moja limepasuka chini. Maana yake ni kupanga mstari wa maji mara mbili, na mtoto mkubwa anachelewa shule. Tulimwambia, "Mama, leta pesa kidogo, sisi tutaongeza, tununue hiyo dawa." Alitoa faranga alizopata kwa kuuza maharage. Tukanunua, tukakanda, tukabandika, tukangoja siku nzima. Kesho yake bidoni lilijazwa. Kufika nusu ya njia kiraka kikadondoka kizima, kama ganda la kidonda. Tukarudia. Kikadondoka tena. Mama hakusema neno, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Tulirudi Cyanzarwe kuuliza. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe bidoni la njano ni plastiki ya aina ya polietilini, na plastiki hiyo haikubali kushikwa na epoksi. Ni kama kubandika kitu juu ya mshumaa, kinateleza tu. Geuzeni mabidoni yenu mtazame chini. Mara nyingi mtaona alama ya pembetatu yenye namba 2. Mabeseni mengi yana namba 5, na hayo pia yanakataa. Ukiona 2 au 5, usitoe pesa yako.

Bidoni dawa yake ni joto. Chukueni kipande kutoka bidoni lililokufa, kiwe plastiki ile ile. Pasheni kisu cha zamani kwenye makaa, muyeyushe kingo za ufa na kile kipande pamoja, mpaka vichanganyike, halafu mkandamize na kulainisha. Fanyeni nje penye upepo, msivute moshi wake, watoto wakae mbali. Plastiki iyeyuke tu, isishike moto. Na bidoni lililowahi kubeba petroli msiliguse na kisu cha moto hata siku moja, hata kama linaonekana kavu. Bidoni la mama tulilishona namna hiyo, na mpaka tunaandika haya linabeba maji.

Ile mastiki iliyobaki haikupotea. Tuliitumia kwenye kishikio cha mfuniko wa sufuria, kwenye mguu wa kiti, kwenye mpini wa kisu uliokuwa unacheza, na kwenye kona ya radio ya mzee mmoja, maana ile plastiki ngumu ya radio inakubali. Chuma, mbao, jiwe, simenti, chungu kilichovunjika mdomo, vyote vinakubali vikiwa visafi, vikavu na vimekwaruzwa kidogo. Lakini sufuria iliyotoboka msiizibe nayo. Moto wa jiko unaishinda, na chakula hakitakiwi kugusana nayo. Mpelekeeni fundi wa masufuria aweke ribiti. Hata ndani ya chombo cha maji ya kunywa tusiiweke.

Vipimo ni sawa kwa sawa, isipokuwa karatasi ya pakiti iseme vingine. Kuna watu wanaongeza kigumishi wakidhani itakauka haraka. Hapana, inabaki laini na dhaifu milele. Ile ya kijiti ikateni kwa kukingama, mpate rangi zote mbili kwa kipimo, mkande mpaka mistari yote iishe. Msikande nyingi kwa mara moja, tonge kubwa linapata joto lenyewe na kuganda mkononi. Na huku kwetu kuna baridi! Saa zilizoandikwa kwenye pakiti ni za mahali pa joto. Kila joto likishuka nyuzi 10, muda unakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo acheni mpaka kesho yake, au wekeni juani karibu na bati. Vaeni mifuko ya nailoni mikononi. Ngozi ya mtu ikishaikataa mara moja, kila akiigusa atawashwa. Ukisugua iliyokauka, lowesha na maji, funga kitambaa puani.

Jambo la mwisho lilitushangaza. Mtoto mkubwa wa yule mama aliomba kipande kama haragwe tatu. Alikunja waya, akaufunga na karatasi, akapaka mastiki juu yake kidogo kidogo, akilainisha na kidole kilicholowa maji, mikono yake ndani ya mifuko kama tulivyomwonyesha. Akatoa ng'ombe mwenye pembe ndefu, anaenea kwenye kiganja. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, akauongeza siku ya pili, maana mastiki mpya inashika juu ya ile ya zamani ukiikwaruza. Tulimuuliza ng'ombe huyo ni wa nani. Akasema ni wa babu, walimwacha Masisi. Amemweka juu ya dirisha, na mama amekataa kumuuza.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kushona viatu vya mpira. Wenye sindano nene watuletee tuzione.