Kulinda Mkate Ni Kulinda Nchi

Mwezi Julai 2021, wakazi wa Durban, Afrika Kusini, walipanga foleni kwa saa nyingi wakitafuta mkate na maziwa. Nchi haikuwa na njaa. Ghasia zilizozuka baada ya Rais wa zamani, Jacob Zuma, kufungwa kwa kudharau mahakama ziliteketeza malori huko Mooi River. Barabara kuu ya N3 iendayo Johannesburg ikafungwa, maduka na maghala yakaporwa. Watu zaidi ya 350 walikufa.

Polisi walizidiwa. Kwanza walitumwa wanajeshi 2,500. Siku chache baadaye idadi iliyoidhinishwa ikafika 25,000. Katika pengo hilo, raia wenye silaha waliweka vizuizi kitongojini Phoenix, na humo waliuawa watu zaidi ya 30.

Fundisho kwa askari ni dhahiri. Mahali asipokuwapo mlinzi halali, huzuka walinzi wasio na sheria. Barabara ya chakula yafaa ilindwe mapema kama daraja au ghala la silaha. Tena askari hana budi kumtenga mporaji na mama mwenye kikapu. Akiwapiga wote pamoja, amepoteza raia aliyekuja kumlinda.